Bata Mzinga Hukua, Banda Halikui

Ifikapo mwezi wa Julai, askari mwenye kipande cha ardhi kijijini, na hata yule mwenye kibanda tu nyuma ya nyumba yake, huanza kupiga hesabu za Krismasi. Bata mzinga, ambaye Waganda humwita ssekkokko, hutafutwa sana katika juma la mwisho kabla ya sikukuu, na kifaranga anunuliwaye Julai huwa amekwisha kupata mwili wakati huo. Hesabu hiyo ni sahihi. Walakini ipo hesabu nyingine ambayo wengi wetu hatuipigi, nayo ndiyo iliyotusukuma kuandika makala haya: ni bata mzinga wangapi wawezao kuishi vizuri katika banda moja, si siku waingiapo, bali siku watokapo?

Mwezi wa Desemba mwaka juzi tulipita nyumbani kwa koplo mmoja mstaafu wa polisi, katika vilima vilivyo kando ya barabara iendayo Masaka. Jina lake tunalihifadhi, kwa kuwa alitupokea kwa ukarimu na hakutuficha kitu. Alikuwa ameigeuza ghala yake ya matofali kuwa banda. Ghala hiyo ina urefu wa meta 5 na upana wa meta 4, paa la mabati, na madirisha mawili madogo yaliyo juu karibu na dari. Mwishoni mwa Julai alitia humo vifaranga 100. Katika majuma ya kwanza, ambayo kwa kifaranga wa bata mzinga ni magumu kuliko kwa kifaranga wa kuku, alipoteza 9. Tangu Oktoba alipoteza 3 tu. Walibaki 88.

"Mabwana," alituambia kwa fahari, "mimi nawahesabu kila asubuhi, kama tulivyokuwa tukihesabiwa kwenye gwaride. Mtu hakosekani."

Na kweli hakukosekana ndege. Lakini tulipomwomba atushikie mmoja na kumgeuza, tuliziona nyayo zake. Katikati ya kila wayo, na chini ya vidole, palikuwa na gamba jeusi gumu, na mahali gamba lilipobanduka ilionekana nyama nyekundu. Tulimtazama wa pili, wa tatu, hata wa kumi: wote vivyo hivyo. Manyoya ya vifuani yalikuwa yamegandamana kwa mavi, na kwingine yamenyonyoka kabisa. Mchuuzi kutoka mjini, aliyefika siku ile ile, hakuhitaji daktari wa mifugo wa kumweleza jambo. Alivitazama vifua, akataja bei ya chini, na koplo hakuwa na la kujibu. Gwaride lilikuwa kamili, ila waliokuwa wamesimama kwenye mstari wote walikuwa wagonjwa wa miguu.

Kabla ya kueleza jinsi mambo yalivyofika hapo, yafaa tumfahamu huyu ndege, kwa maana jina lake la Kiswahili laweza kumpoteza mtu. Yeye si bata, wala hapendi maji kama bata. Na askari wa mizinga wasidhani kwamba ana ujamaa na kikosi chao. Asili yake ni Amerika. Wenyeji wa Mexico walikuwa wakimfuga karne nyingi kabla ya Wahispania kufika huko na kumchukua hadi Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Ndugu zake wa porini wangaliko mpaka leo: mchana kutwa hutembea msituni wakichakura, na jioni huruka juu ya miti kulala. Bata mzinga mzito wa Ulaya na Marekani hawezi tena kuruka. Amechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya nyama ya kifua, hata dume aweza kufikia kilo 20 kwa majuma 20 hivi, naye hawezi kumpanda jike. Mbegu hutiwa kwa mkono wa binadamu. Yeye ni kifua kikubwa juu ya miguu miwili, na miguu hiyo haina pa kusimama ila sakafu tuliyompa. Ndege wa koplo hakuwa wa mbegu hiyo nzito, lakini na yeye kifua chake kilikuwa kikubwa kuliko cha babu zake wa msituni.

Sasa tuirudie ghala. Kifaranga wa siku moja ana uzito wa gramu 60 hivi. Vifaranga 100 kwa pamoja hawazidi sana kilo 6, ambazo katika meta za mraba 20 ni kama hakuna kitu. Mfugaji huitazama sakafu iliyo tupu na kujuta kwamba hakununua 200. Mwezi wa Oktoba, kila ndege afikapo kilo 5, ghala ile ile hubeba zaidi ya kilo 450, yaani kilo 22 au 23 juu ya kila meta ya mraba. Desemba, madume na majike wakichukuliwa pamoja, wastani wa uzito wa ndege wa koplo ulikuwa kilo 9. Ndege 88 wa kilo 9 ni kilo 792, karibu kilo 40 kwa kila meta ya mraba. Banda lilijaa pasipo mtu yeyote kuingiza ndege hata mmoja. Tena ndege walipungua, na bado lilijaa. Ndiyo sababu wenye ujuzi wa kazi hii hawahesabu vichwa peke yake, bali huhesabu kilo zilizo juu ya kila meta ya mraba.

Madhara ya msongamano huanzia chini, sakafuni. Ndege hunywa maji yanayokaribia mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na wakati wa joto hunywa zaidi; sehemu kubwa ya maji hayo hurudi kama mavi. Wakiwa wachache, maganda ya kahawa au ya mpunga yaliyotandikwa huyanyonya maji, ndege huyachakura, hewa huyakausha. Wakizidi, hakuna wa kuchakura kwa kuwa hakuna nafasi ya kuchakura. Matandiko hugandamana, yakawa utando mmoja mnyevu kama matope yaliyokanyagwa. Humo ndimo inamotoka amonia, ile hewa kali iwashayo macho na koo. Msomaji aliyewahi kupewa adhabu ya kusafisha choo cha kambi anaifahamu vizuri. Ndege hapewi adhabu hiyo kwa saa moja. Yeye huivuta usiku na mchana, na kichwa chake ki karibu na sakafu kuliko chetu.

Zamani wengi walidhani kwamba vidonda vya nyayo huletwa na ukali wa mavi yenyewe. Mwaka 2007 wataalamu wa taasisi ya Roslin, iliyo karibu na Edinburgh katika nchi ya Scotland, walitoa taarifa kwamba unyevu mwingi wa matandiko peke yake watosha kuleta vidonda hivyo kwa bata mzinga wanaokua. Taarifa nyingine ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa ndege wa juma la kwanza na wa juma la kumi wote huathirika sawasawa, na kwamba vidonda hupungua kabisa pale unyevu unapokuwa chini ya asilimia 30. Mfugaji wa kwetu hana chombo cha kupimia asilimia, lakini ana mkono. Na achukue konzi moja ya matandiko, ayafinye, kisha aufungue mkono. Yakitawanyika, ni makavu. Yakibaki donge, nyayo za ndege wake zimo hatarini.

Hapa nchini, katika sehemu za kati, jambo hili lina uzito wa pekee ambao Mzungu hana sababu ya kuufikiria. Mvua zetu za pili huanza Septemba na kuendelea hadi mwanzoni mwa Desemba. Yaani ndege wa Krismasi huongezeka uzito upesi katika miezi ile ile ambayo hewa ina maji mengi na matandiko hayakauki. Kilo zinapanda na unyevu unapanda, vyote viwili pamoja. Anayepanga idadi ya vifaranga katika jua la Julai anapangia msimu ambao haujafika.

Jambo la pili ni usingizi. Bata mzinga mkubwa hulala na kupumzika sehemu kubwa ya siku, hasa azidipo kuwa mzito. Katika banda lililosongamana, kila ndege aendaye kwenye maji hana njia ila juu ya migongo ya wenzake. Kucha zake humkwaruza aliyelala paja na kiuno, na aliyelala huinuka kabla hajapumzika, akamkanyaga mwingine. Waliowahi kulala katika bweni la makuruta, kitanda kikigusana na kitanda na zamu ya lindo ikibadilika kila baada ya saa mbili, hawatahitaji maelezo marefu. Wachunguzi wa Ufaransa walioandika mwaka 1999 waliyaona hayo hasa: jinsi ndege walivyoongezwa katika eneo moja, ndivyo waliolala walivyosumbuliwa zaidi, mikwaruzo ya viunoni na vidonda vya miguu vikaongezeka, na mwendo wao ukawa mbaya zaidi.

Wako wanaosema kwamba shida si ndege wengi bali ni hewa chafu, na kwamba mashine za kupepea zikiwekwa mambo yote hutengenea. Hoja hiyo ilijibiwa nchini Kanada, katika jimbo la Saskatchewan. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, madume walilelewa hadi majuma 16 katika vyumba vya msongamano mbalimbali: kilo 30, 40, 50 na 60 kwa meta ya mraba, na hewa ya vyumba ilirekebishwa ili walio wengi wasivute hewa mbaya kuliko walio wachache. Hata hivyo, walipozidi kusongamana walitembea vibaya zaidi, nyayo zao zikawa mbaya zaidi, na manyoya yao yakachafuka na kuharibika zaidi. Hewa nzuri ni jambo la lazima, ila haimpi ndege mahali pa kuweka mguu.

Na joto je? Ndege hatoki jasho. Hulipunguza joto la mwili kwa kuhema mdomo wazi, na kwa kuiacha hewa ipite chini ya mbawa na kandokando ya mwili. Akibanwa kushoto na kulia na miili yenye joto kama wake, hewa haipiti. Chini ya mabati, saa nane ya mchana, banda lililojaa huwa tanuri ambayo kuni zake ni ndege wenyewe.

Kuhusu kudonoana, tusiusingizie msongamano kila kosa. Bata mzinga hudonoana hata penye nafasi, hasa madume wakipevuka, na huko Ulaya wengi hukatwa ncha ya mdomo na kuwekwa katika mwanga hafifu ili wasiumizane. Sisi twaona kwamba kumfunga mtu mikono si dawa ya ugomvi. Lakini hili ni hakika: anayedonolewa penye nafasi hukimbia, na anayedonolewa katika banda lililojaa hana pa kukimbilia.

Msomaji atauliza, basi serikali za nchi zinazofuga ndege hawa kwa maelfu zimeweka kiasi gani? Hapo ndipo tulipostaajabu. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2007 liliweka kipimo cha kilo kwa meta ya mraba kwa kuku wa nyama, lakini bata mzinga halikumgusa. Kila nchi ikajiamulia yake. Uswisi, ambayo haimo katika Umoja huo, imeweka kilo 36 na nusu kwa ndege waliopita majuma sita. Austria imeweka kilo 40. Ujerumani, makubaliano ya hiari yaliyorekebishwa mwaka 2013 yaliruhusu kilo 50 za madume, na hata kilo 58 kwa mfugaji aliyejiunga na mpango wa kukaguliwa afya ya ndege wake. Nchi hizo tatu zapakana. Mlinzi wa mpaka aliyeko huko angeweza kusimama mahali pamoja na kuziona mbili kwa mpigo, na nyayo za bata mzinga hazibadiliki zivukapo mto Rhine. Tofauti ile ya kilo 58 na kilo 36 na nusu haikutoka mwilini mwa ndege. Imetoka katika mashauriano ya watu, baina ya wanaomhurumia ndege na wanaohesabu gharama ya jengo; na nchi iliyojiwekea sheria kali hulalamika kwamba nyama ya jirani yake huingia kwa bei ndogo.

Waingereza walijaribu njia nyingine. Baraza lao la kushauri serikali juu ya hali ya wanyama wa kufugwa lilitoa ripoti juu ya bata mzinga mwaka 1995, likapendekeza kwamba nafasi ikadiriwe kwa ukubwa wa mwili. Mwili ukiwa na uzito mara nne hautandazi sakafuni eneo mara nne, kwa sababu umeongezeka kwenda juu pia. Kwa kipimo chao, ndege wa kilo 5 ahitaji meta ya mraba 0.134, na ndege wa kilo 20 ahitaji 0.338, yaani mara mbili na nusu tu. Ukigeuza hesabu hiyo utapata kilo 37 kwa meta ya mraba kwa ndege wadogo, na kilo 59 kwa wakubwa. Ni hesabu ya werevu, lakini yataka uangalifu mkubwa. Nafasi ya mwili kukaa si nafasi ya mwili kutembea, kunyoosha bawa, kuchakura wala kumkimbia adui. Tena ndege wa kilo 20 ndiye mwenye miguu mibovu kuliko wote, na ndiye anayehitaji kusaidiwa kutembea. Sisi hatungemshauri mtu wa kwetu kuifuata.

Kinachomfaa wa kwetu zaidi ni mwongozo mwingine wa Waingereza hao hao, ambao ulitofautisha banda lenye mitambo ya hewa na banda la wazi lisilo na mitambo. La kwanza lilipewa sentimeta za mraba 260 kwa kila kilo ya ndege. La pili 410. Maana yake, asiye na mashine ya kupepea na aweke ndege wachache zaidi, yapata kilo 24 kwa meta ya mraba badala ya 38. Kwa kipimo hiki ghala ya koplo, yenye sentimeta za mraba 200,000, ingechukua kilo 488. Ndege wa kilo 9 ni 54. Ukiondoa mahali pa vyombo vya chakula na maji, sema 50. Yeye alikuwa na 88. Kilo zake 40 zisingevunja sheria ya Austria, lakini Austria hawafugi katika ghala ya madirisha mawili, mvua za Novemba zikinyesha juu ya mabati.

Na aliyekwisha kununua vifaranga wengi afanye nini? Kwanza asingoje Krismasi kuuza wote. Wajerumani wenyewe hutoa majike yakiwa na majuma 16 hivi, na kuwaachia madume nafasi hadi majuma 20 na zaidi. Askari anaweza kuuza majike mwishoni mwa Oktoba na Novemba, kwenye arusi na sherehe nyingine, akapata fedha ya chakula cha waliobaki. Pili, mlango wa banda ufunguliwe mchana kwenye ua wenye kivuli, uliozungushiwa wavu. Katika Ulaya, ili nyama iuzwe kwa jina la ndege aliyelelewa nje, kila bata mzinga hupewa walau meta za mraba 4 za uwanja. Wetu akipata hata moja wakati wa mchana, sakafu ya ndani hupumua. Tatu, matandiko yaliyoloa kuzunguka vyombo vya maji yaondolewe kila siku na kutiwa makavu, na vyombo vyenyewe viinuliwe hadi usawa wa mgongo wa ndege ili asimwage.

Lipo kosa moja ambalo mwenye banda lililojaa hulifanya haraka, nalo ni kuwahamishia bata mzinga waliozidi katika banda la kuku. Kuku hubeba minyoo ya utumbo ambayo mayai yake huchukua kijidudu cha ugonjwa uitwao kichwa cheusi. Kuku mwenyewe mara nyingi haumwi sana. Bata mzinga huharibika utumbo na ini, akaanza kutoa mavi ya rangi ya manjano, na wengi hufa. Hata ardhi ambayo kuku walikaa huhifadhi mayai hayo muda mrefu. Kuuza kwa hasara ndogo ni afadhali kuliko kuhamia huko.

Tulimwachia koplo hesabu hii kwenye karatasi. Hakubishana, ila alituuliza swali moja ambalo lilitupendeza: atajuaje, pasipo mizani, kwamba wamezidi? Tulimjibu kwamba na aingie bandani saa tatu ya usiku na tochi, ndege wote wakiwa wamelala, ajaribu kutembea kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma bila kumwinua hata mmoja. Desemba iliyopita tulipita tena. Alikuwa amenunua vifaranga 60, akauza majike 14 mwanzoni mwa Novemba, na ukuta mmoja wa ghala alikuwa ameubomoa nusu na kuweka wavu. Walikuwepo ndege 41. Alimshika mmoja mwenyewe kabla hatujamwomba, akamgeuza, akatuonyesha nyayo.